Maswali ya Wasomaji: Hondohondo na Mlango wa Udongo

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu ndege mmoja: hondohondo mkubwa mweusi na mweupe wa Msitu wa Kakamega, ambaye kwa jina la kisayansi ni Bycanistes subcylindricus. Watu wa Shinyalu, Khayega na Kaimosi wanamsikia akipita juu ya mapaa yao tangu utotoni. Mlango wa nyumba yake ndio waliobahatika kuuona wachache.

Juu ya mti mkubwa karibu na shamba letu kuna shimo. Hondohondo wawili walikuwa wakifika hapo kila asubuhi, na mmoja alionekana kama anatapika udongo. Siku hizi namwona dume peke yake, na shimo limezibwa. Wazee wanasema amemfungia mke kwa wivu. Je, ni kweli? — Msomaji, Kaimosi

Wazee wameona vizuri, ila neno "amemfungia" ndilo lenye makosa. Jike amejifungia mwenyewe, tena kwa kazi ya mdomo wake.

Mambo huenda hivi. Wakishakubaliana juu ya tundu, dume hushuka chini na kumeza udongo. Humo kooni udongo huchanganyika na mate ukawa madonge madogo yanayonata. Anaporudi mtini huyacheua moja moja na kumkabidhi jike. Jike hukandika kingo za tundu kwa ubavu wa mdomo, akigongagonga kama mama anayekandika ukuta wa nyumba ya udongo. Mwanzoni hufanya kazi akiwa nje. Tundu likishakuwa dogo kiasi cha kumpitisha kwa shida, anaingia na kumalizia akiwa ndani. Kinachobaki ni ufa mwembamba uliosimama wima, unaotosha ncha ya mdomo na si zaidi. Udongo ukikauka huwa mgumu kama tofali.

Humo ndani hutaga mayai meupe, kwa kawaida hayazidi mawili. Huyaatamia kwa siku 42 hivi. Kinda akishatoka kwenye yai hukaa tunduni siku nyingine 70 hadi 79 kabla ya kuruka. Mayai yakiwa mawili bado anayefika mwisho ni kinda mmoja, kwa maana wa pili hufa mapema. Jike hatoki kwanza akamwacha mtoto. Katika jamii hii ya hondohondo mama hukaa hadi mwisho, ndipo ukuta unabomolewa nao wanatoka pamoja. Ukijumlisha, ni karibu miezi minne gizani, na chakula chote kinapitia ule ufa.

Mzigo wa dume ndio unaostahili kustaajabiwa kuliko ule ukuta. Katika milima ya Usambara, Tanzania, mtaalamu wa ndege Reginald Moreau aliwachunguza hondohondo wa aina ya karibu sana na huyu, Bycanistes brevis, pale Amani. Alikadiria kwamba dume mmoja alifika tunduni mara 1,600 katika siku 120, akileta matunda kama 24,000. Gawanya mwenyewe: ni safari kumi na tatu kila siku, na kila safari matunda kumi na tano, bila Jumapili.

Ukitaka kuona inavyokuwa, tega sikio kwanza. Mbawa za hondohondo hazina manyoya madogo ya kufunika mashina ya yale makubwa ya kurukia, kwa hiyo upepo hupita katikati na kutoa mvumo unaosikika mbali, kama mtu anayepuliza moto kwa mvukuto. Dume hutua tawi la jirani, hutulia, hutazama huku na huku. Kisha huruka hadi shinani na kujishika kwenye gome. Hutikisa kichwa, na tunda la mkuyu linatokea kwenye ncha ya mdomo, zima, halina alama ya jino wala ukucha. Analipenyeza kwenye ufa. Ncha ya mdomo wa jike inatokea, inalichukua, inapotea. Dume hutikisa kichwa tena, tunda jingine. Koo lake ndilo mfuko wa sokoni.

Sasa, kwa nini ukuta? Sababu inayotajwa mara nyingi ni maadui kama nyani, nyoka na kanu, na ni sababu ya kweli. Lakini kwa hondohondo huyu adui anayesumbua sana ni hondohondo mwenzake. Tundu zuri ni adimu, na jozi isiyo na tundu huja kuivamia jozi yenye nalo. Kinda aliye nyuma ya udongo mgumu, mama yake akiwa amekaa na mdomo tayari mlangoni, si rahisi kumpora.

Na jike si mfungwa. Akitaka anaubomoa ukuta mwenyewe. Balaa ni dume asiporudi, kwa mfano akikamatwa na tai mkubwa mwenye kishungi, ambaye naye ni mkazi wa msitu huohuo. Hapo mama hutoka kuokoa roho yake, na uzazi wa msimu huo umekwisha. Kwa hiyo anayerusha jiwe kwa teo na kumpata dume mmoja ameua kinda asiyemwona.

Chama chetu cha wanafunzi wapenda mazingira kinataka kufuatilia kiota kimoja kwa muhula mzima. Tuanzie wapi, na tutajuaje kwamba tundu lina ndege bila kupanda mti? — Mwalimu wa sayansi, Kisumu

Mwalimu, kupanda usifikirie kabisa. Tundu huwa juu, mara nyingi mita kumi na zaidi, na mtu akigusa ule ukuta jike anaweza kususa mayai. Dalili zote mnazozihitaji ziko chini ya mti.

Ya kwanza ni jozi kugeuka kuwa ndege mmoja. Hondohondo hutembea wawili wawili. Mkimwona dume peke yake siku nyingi mfululizo, akiruka kwa njia ileile kuelekea sehemu ileile ya msitu, mfuateni kwa macho. Dume mtamjua kwa ile kofia kubwa iliyo juu ya mdomo. Ya jike ni ndogo zaidi. Ya pili ni takataka. Jike huelekeza makalio kwenye ufa na kurusha kinyesi nje kwa nguvu, na mbegu alizomaliza nazo huzitupa hapohapo. Chini ya tundu linalotumika kuna zulia la mbegu, na tundu lililotumika miaka mingi huwa na kitalu kizima cha miche ya miti ya matunda iliyosongamana mahali pamoja. Ya tatu ni rangi: tope lililokauka halifanani na gome, na chini ya ufa hushuka michirizi ya uchafu.

Mkishalipata, kaeni mita 50 au zaidi, pembeni, si kwenye njia anayopitia dume. Kosa tunaloliona kila mara ni kukaa karibu kisha kuandika kwamba "dume alikuja mara mbili tu". Alikuja mara nyingi, ila aliwaona, akakaa tawini na koo limejaa, akaondoka bila kulisha. Dume akitua jirani na kukaa zaidi ya robo saa bila kusogea tunduni, nyinyi ndio sababu. Rudini nyuma.

Wanafunzi watano wanatosha kwa zamu moja. Nguo ziwe za rangi iliyopoa, simu zizimwe sauti, na msicheze sauti za ndege zilizorekodiwa. Msikate hata kitawi kimoja ili mpate kuona vizuri, maana uwazi mtakaoufungua utatumiwa na tai. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inafaa. Yenye nguvu zaidi hutetemeka mikononi mwa mtoto.

Kwenye daftari wekeni safu nne: saa ya dume kufika, saa ya kuondoka, idadi ya matunda aliyopitisha, na rangi na ukubwa wa tunda. Fanyeni zamu ya saa tatu, kuanzia saa moja asubuhi, mara moja kwa wiki, siku ileile. Mara moja kila wiki mbili, dume akiwa ameondoka, mmoja wenu aende chini ya mti kwa dakika tano tu na kuokota mbegu zilizo katika mraba wa mita moja. Ziosheni, zikausheni, zipangeni kwa aina. Msishangae mbegu ndogondogo za jamii ya mikuyu zikizidi nyingine zote. Hizo ndizo ugali wa hondohondo. Zile kubwa huenda zikawa za mutere, yaani Maesopsis eminii.

Katika Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno unasimamiwa na Shirika la Misitu, KFS, na upande wa Buyangu ni hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Ombeni ruhusa ya upande mnaokwenda, na mchukue mwongozo wa hapo. Hao wanajua miti yenye matundu kuliko ramani yoyote.

Nina hondohondo wadogo wa kijivu kwenye mgunga nyuma ya nyumba. Jike alijifungia kama mlivyowahi kueleza, lakini juzi nimemkuta nje akiruka na dume, na tundu bado limezibwa. Nani amefunga mlango? — Msomaji, Nakuru

Watoto wenyewe. Huyo wako ni Lophoceros nasutus, na mila zake si za yule wa Kakamega. Dume wake ana mdomo mweusi wenye mstari mweupe. Wa jike una ncha nyekundu-nyekundu.

Hutaga mayai matatu hadi matano, siyo yote siku moja, na huanza kuatamia mara tu baada ya lile la kwanza. Kwa hiyo makinda hupishana umri, na njaa ikiingia yule wa mwisho ndiye anayelala na njaa. Akiwa ndani jike hunyonyoka manyoya yote ya mbawa na mkia kwa mpigo, akawa hawezi kuruka hata ukimtoa kwa nguvu. Ndiyo maana kubomoa tundu lake "kumsaidia" ni kumuua. Mkubwa wa makinda akifikisha wiki tatu au nne hivi, manyoya ya mama yameshaota, na midomo mle ndani imekuwa mingi kuliko anachoweza kuleta baba mmoja. Mama huvunja ukuta, hutoka, na makinda huziba ufa upya kwa kinyesi chao na mabaki ya chakula. Hawajafundishwa na mtu. Kuanzia hapo wazazi wote wawili hulisha, mpaka makinda waruke wakiwa na siku kama 45 hivi, mmoja baada ya mwingine.

Usiguse chochote.

Kwenye shamba tulilorithi kuna mti mkubwa wa kienyeji, umeoza katikati, na hondohondo huingia humo miaka mingine. Fundi wa msumeno ananipa bei nzuri. Nikipanda mwingine mahali pake si sawa? — Mama wa watoto wanne, Shinyalu

Mama, si sawa, na tutakwambia sababu bila kukuficha kwamba mti ni wako na karo ni yako.

Hondohondo hachimbi tundu. Mdomo wake ni mkubwa lakini ni wa kuchumia, si patasi. Mashimo ya kigogota hayamtoshi. Anategemea shimo linalojitengeneza lenyewe: tawi nene linavunjika kwa upepo, maji na kuvu vinaingia kwenye kidonda, moyo wa mti unaoza pole pole huku ganda la nje likiendelea kuishi. Ndege mwenye uzito wa kilo moja na zaidi anahitaji shina nene sana ndipo chumba kimtoshe. Mche utakaopanda leo hautakuwa na chumba hicho hadi wajukuu zako wawe watu wazima. Ndiyo sababu unaweza kupita msituni ukaona miti mingi ya kijani na hondohondo wengi, lakini matundu yanayofaa ukayahesabu kwa vidole. Kasuku wa kijivu, ambao Kakamega wamebaki wachache sana, nao hutaga mashimoni, kama walivyo nyuki.

Tena mti uliooza katikati hutoa mbao chache kuliko fundi anavyokueleza. Mwambie augonge kwa nyuma ya shoka, sehemu tatu kutoka chini kwenda juu, usikilize mlio. Ukilia kama ngoma, unachouza ni kuni na makaa, na bei ishuke kulingana na hilo. Kina mama wengi wamepunjwa kinyume chake: mti unanunuliwa kama kuni, unapasuliwa mbao.

Kama hofu yako ni usalama, yaani mti kuangukia nyumba, kuna njia ya kati. Pima urefu wa mti na umbali wake hadi ukuta. Mti ukiwa mrefu kiasi cha kuifikia nyumba, bado usikate shina. Punguza matawi mazito yaliyo upande wa nyumba, na uliache shina lenye tundu limesimama. Kazi hiyo ifanywe wakati tundu liko wazi, halijazibwa, na utaarifu ofisi ya misitu kwanza. Kukata mti wenye kiota kinachotumika kunaweza kukuletea maswali ya kisheria, hata kama hati ya shamba ina jina lako.

Je, tunaweza kuwatengenezea sanduku la kutagia? — Kikundi cha vijana, Kakamega mjini

Masanduku yamewahi kukubaliwa na hondohondo wa aina nyingine, Thailand na Afrika Kusini. Kwa huyu wetu lichukulieni kama jaribio, na msilifanye kisingizio cha kuacha miti ikatwe.

Tungeanza na mbao ngumu za unene wa sentimita 4 au 5, kwa sababu mbao nyembamba hupika mayai mchana na kuyapoza usiku. Bati na plastiki msithubutu. Upana wa ndani uwe sentimita 45 hadi 50, maana jike hukaa humo mkia ukiwa umesimama wima mgongoni. Juu ya mlango acheni nafasi ndefu, mita moja hivi; jike akitishwa hukimbilia juu, si chini. Mlango uwe wa umbo la yai, si duara kubwa, na kingo zake ziachwe bila kulainishwa kwa randa, ili tope lishike.

Kipimo kinachoharibu kazi za wengi ni sakafu. Ikiwa chini sana ya mlango jike hafikii ufa: hapokei chakula wala hawezi kurusha kinyesi nje, na chumba kinageuka choo. Iwe sentimita 10 hadi 20 chini ya ukingo wa mlango, ijazwe vumbi la mti mkavu na itobolewe vitundu vya kutoa maji. Matundu ya asili nayo hupata ugonjwa huohuo. Sakafu huoza na kudidimia mwaka hadi mwaka, au mti hukuza ganda na kuusonga mlango, na ndege wanalihama tundu ambalo kwa macho ya chini linaonekana zima. Kujaza udongo kidogo kwenye tundu lililodidimia ni kazi rahisi kuliko kuning'iniza sanduku la kilo 40, ila ifanywe na mtu anayejua kamba, kwa idhini, wakati tundu ni tupu.

Fungeni sanduku kwa waya uliopitishwa ndani ya vipande vya tairi ili usikate gome, na mlegeze kila mwaka. Wapangaji wa kwanza watakuwa nyuki, hilo tunawaahidi. Mwiteni mrina asali awahamishe jioni, msimwage dawa ya wadudu humo hata tone.

Nimemwokota kinda chini ya mti baada ya mvua. Nimlishe nini? — Msomaji, Khayega

Kwanza mtazame. Akiwa na manyoya kamili na anarukaruka, huenda ndiyo siku yake ya kutoka. Hana kofia mdomoni, asikudanganye ukadhani ni ndege mwingine. Mweke juu ya tawi imara, ondoka, wazazi wako karibu. Akiwa uchi au mti wenyewe umeanguka, mweke kwenye katoni yenye kitambaa, mahali penye joto na giza, na uwapigie KWS siku hiyohiyo. Usimmwagie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Maji yake huyapata kwenye matunda. Ugali, mkate na maziwa, hapana. Kipande cha papai lililoiva, ukubwa wa ncha ya kidole, kinatosha hadi wafike. Kumfuga bila kibali ni kosa.

Anakula vifaranga vya kuku? — Msomaji, Vihiga

Hula wadudu, popo, mayai na makinda ya ndege wadogo wa msituni anapoyakuta. Kuku wako waangalie kwa mwewe.

Nataka kumpandia chakula. Nipande nini kwenye ekari moja? — Mkulima, Nandi Hills

Mugumo, ambao Waluhya huuita mutoto, na mkuyu. Mugumo usisumbuke na mbegu. Mvua ndefu zikianza, kata tawi lililonyooka la unene wa mkono, mita mbili hadi mbili na nusu. Liache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha lisimamishe kwenye shimo la sentimita 60, ushindilie udongo vizuri, maana likitikiswa na upepo mizizi haishiki. Zungushia miiba, mbuzi wanalipenda sana. Liwe mita 20 kutoka nyumba, choo na tangi la maji, kwa kuwa mizizi yake haiombi hodi. Panda matano au sita badala ya moja: kila mti huzaa kwa wakati wake, na dume mwenye mke ndani ya tundu anahitaji tunda lililoiva kila wiki, si mavuno makubwa ya mara moja.